Mama Alishukuru Kabla Sijachagua

Jumapili ile mama aliposimama kanisani kumshukuru Mungu kwamba naenda Kanada, mimi nilikuwa nimekaa safu ya nyuma nikitafuta peremende kwenye mkoba. Nilisikia jina la nchi, nikasikia vigelegele, nikainua kichwa nione ni mtoto wa nani aliyepata bahati hiyo. Watu walikuwa wamenigeukia mimi.

Sikuwa nimechagua. Hilo nalisema mapema, maana mtaani kwetu mpaka leo wapo wanaodhani nilipewa Kanada nikaitema. Nilikuwa na nafasi mbili za kusomea shahada ya uzamili. Moja ilitoka chuo kikuu cha utafiti huko Kanada: uhandisi wa matetemeko ya ardhi, na ufadhili wa kila kitu. Wenyewe wana meza ya chuma, pana kuliko nyumba yetu, ambayo huitikisa kwa mitambo huku jengo la majaribio likiwa juu yake, ili waone litaanza kupasukia wapi. Nafasi ya pili ilikuwa papa hapa Nairobi, kwenye chuo nilikosomea shahada ya kwanza: uhandisi wa udongo na misingi. Hapo hapakuwa na meza ya kutikisika. Palikuwa na tanuri za kukaushia udongo, mabomba ya kuchimbia, na profesa mmoja, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, ambaye amemaliza ujana wake akichunguza udongo mweusi wa Embakasi. Ni ule udongo unaofura mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na ndio tuliojengewa maghorofa juu yake.

Mimi na mama tulikuwa tukikaa Pipeline, huko huko Embakasi, ghorofa za juu upande wa nyuma, ambako nguo za majirani ndizo pazia. Baba alikuwa mtu wa reli. Nilizaliwa kwenye nyumba za reli pale Muthurwa, nyumba za chini, ukifungua mlango unakanyaga ardhi. Alipostaafu alirudi nyumbani magharibi kulea ng'ombe, naye mama akabaki mjini kwa kuwa alikuwa bado karani katika ofisi moja ya serikali, na sisi watoto tulikuwa bado shuleni. Ndipo tukahamia Pipeline. Mama hakuwahi kuipenda. Mpaka leo hupanda ngazi akishika ukuta, na hawezi kuuacha mtungi wa maji katikati ya chumba. Huusukuma hadi pembeni, karibu na nguzo.

Tulikuwa watoto wawili. Ndugu yangu alikuwa mdogo wangu. Alipomaliza kidato cha nne hakungoja matokeo, alijiunga na vijana wa mjengo, akibeba kokoto kwa karai, na haki ya Mungu aliipenda kazi ile kuliko nilivyopenda mimi vitabu vyangu. Akirudi jioni na vumbi la simiti kwenye nyusi alikuwa akinitania kwamba mainjinia huchora tu, wanaojenga ni wao. Jengo walilokuwa wakilijenga liliporomoka walipokuwa wakimwaga zege la ghorofa ya juu. Yeye alikuwa chini kabisa, ndani ya shimo la tangi la maji. Sitasema zaidi ya hapo. Tulimsafirisha, tukamzika nyumbani, na mama aliporudi Nairobi alijiunga na ushirika wa kina mama kanisani, akaushikilia kwa mikono miwili.

Sasa, asiyeyajua makanisa yetu ataniuliza ushuhuda mmoja wa Jumapili ulikuwa na uzito gani. Kwetu ushuhuda haupiti hivi hivi. Ukisimama mbele ukasema Mungu amefanya, ushirika unalichukua neno lako na kulifanyia kazi. Ukisema mgonjwa amepona, wanakuja kwako kula chakula cha shukrani. Ukisema mtoto anasafiri, wanachanga, wanakuja na maombi, wanamwekea mikono kichwani, na kuanzia hapo safari ile inakuwa ya watu wote. Halafu kuna jambo moja ambalo hakuna aliyeliandika lakini kila mtu analijua: ushuhuda hauondolewi na mtu mwingine. Aliyesimama kushukuru ndiye lazima asimame tena, mbele ya watu wale wale, aseme haikuwa hivyo. Nilimjua mwanamume mmoja aliyeshukuru kwa kazi ambayo baadaye hakuipata. Alihama kanisa, akahama na mtaa, mradi tu asisimame mara ya pili.

Tulipotoka nje nilimuuliza mama amefanya nini. Akasema furaha ilimzidi, hata mdomo ukafunguka wenyewe. Nilikasirika, sitaficha. Nilitembea mbele yake mpaka nyumbani bila kugeuka, mtu mzima mwenye digrii nikinuna kama mtoto wa chekechea. Lakini nilimwamini. Nilijiambia ni mama tu, amefurahi, na ni lini mara ya mwisho nilimwona akifurahi?

Wiki hiyo hiyo kina mama walikuja. Walijaa chumbani hadi mlangoni, wengine wamekalia kitanda changu. Walikuwa wamenunua sanduku la magurudumu, wakalijaza sweta, soksi nzito na kofia za kufuma. Mwenyekiti wao, ambaye aliwahi kuishi kwenye mashamba ya chai, alitufundisha baridi, maana yeye ndiye pekee aliyekuwa na habari zake. Kisha waliniwekea mikono kichwani, yote kwa pamoja, hadi nikahisi shingo inazama mabegani. Waliiombea ndege, wakamwombea rubani, wakaiombea theluji isizidi. Mmoja akaomba nisipate mume wa huko atakayenizuia kurudi, na hapo amina ikatoka kwa kusitasita, nadhani wengine waliona mume wa huko si jambo baya. Mama alikuwa amesimama karibu na jiko, amefumba macho.

Baada ya hapo sikuwa na ngazi ya kupanda kwa amani. Muuza maji aliniuliza naondoka lini. Jirani wa chini aliniuliza kama kitanda kitauzwa. Vijana wanaokaa mlangoni mwa ploti yetu ya kupanga walianza kuniita Majuu, "niaje Majuu, usitusahau," na mimi nacheka nao. Baba nilimpigia simu nikitafuta mtu wa upande wangu. Alinieleza kwanza habari za ng'ombe aliyezaa. Kisha akasema yeye katika maisha yake hakuchagua hata kituo kimoja, reli ndiyo iliyompangia, leo Nakuru kesho Voi, na mtu aliyepewa kuchagua hafai kulia. Nikamshukuru. Hakuwa amenisaidia hata kidogo.

Nilikwenda chuoni kumwona profesa, nimwambie kwa heshima kwamba nimepata Kanada na nitakwenda. Nilimkuta maabarani, amekunja mikono ya blauzi, anafinyanga donge la udongo kiganjani. Nilisema niliyoyapanga. Alinisikiliza bila kuniangalia, akasema Kanada ni pazuri, anamfahamu mwenye maabara ile, na nisiogope kwenda. Hapo nilipaswa kushukuru na kuondoka. Badala yake nilijikuta nikimweleza habari za ndugu yangu, habari ambazo sikuwahi kumwambia mtu yeyote pale chuoni. Aliliweka donge chini.

"Ukija kwangu kwa sababu ya ndugu yako, utachoka kabla ya mwaka kwisha," akasema. "Shimo halina huruma, na mimi pia sina nyingi."

Kisha akaniambia kwamba kesho yake wanafunzi wake wana shimo la majaribio Kware, mtaa wa jirani na kwetu, na kama nataka nije nitazame, nisije na viatu vya kanisani.

Nilikwenda. Ulikuwa uwanja mtupu katikati ya maghorofa, mahali palipokuwa na nyumba iliyobomolewa kwa amri, msingi wake wa zamani ukabaki. Walikuwa wamechimba kando yake na kuzuia kuta za shimo kwa mbao. Nikavaa kofia ngumu, nikashuka kwa ngazi. Juu yangu palikuwa na nguo zilizoanikwa, redio ya mtu, mama mmoja akimfokea mtoto amalize uji. Chini palikuwa kimya, na ubaridi.

Nilitarajia kuogopa, na kweli niliogopa. Nilimfikiria ndugu yangu, nikakishika kipande cha mbao mpaka vidole vikauma. Lakini macho yalikuwa tayari yanafanya kazi yake. Ukuta wa shimo ulikuwa mweusi, na ndani yake mlikuwa na nyuso zinazong'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, mahali ambapo udongo wenyewe umeteleza juu ya udongo mwenzake, mvua baada ya mvua. Nilikuwa nimesoma habari za nyuso hizo, sikuwahi kuzigusa. Msingi wa ile nyumba uliishia usawa wa bega langu. Chini yake udongo mweusi ukaendelea, ukapita kiuno, ukapita magoti, na hakukuwa na mwamba. Mtu alimimina saruji yake hapo, akaona inatosha, akajenga kwenda juu. Nikataka kujua nyumba ile ilisimamaje hata siku moja. Nikataka kujua zile zilizonizunguka, zenye watu na redio na uji, zinasimamaje. Nilichukua udongo nikausugua kwa kidole, nikamwita profesa aliyekuwa juu, nikamuuliza swali, halafu jingine, na jingine tena, mpaka akaniambia nitoke, wengine wanangoja.

Nilipotoka nilikuwa nimefurahi. Tangu tumzike ndugu yangu sikuwa nimefurahi hivyo, na niliona haya, kufurahia shimo. Nilisimama pale kando nikijifuta mikono, nikalia kidogo, wanafunzi wakajifanya hawanioni.

Mama aliujua ule udongo kwenye viatu vyangu nilipoingia tu mlangoni. Hakuuliza nilikotoka. Alikaa kwenye stuli, akavitazama vile viatu, kisha akanitazama mimi.

"Nilijua hujachagua," akasema.

Sikuelewa. Nikamuuliza alijua lini.

"Siku ile kanisani. Sikuzidiwa na furaha. Nilisimama makusudi, kwa sababu nilijua huwezi kuniaibisha."

Basi hapo nilichemka. Nilimwambia amenifunga kamba mbele ya watu, kwamba amelitaja jina la Mungu katika njama zake, kwamba kama ni mtu mwingine aliyefanya hivyo, yeye angekuwa wa kwanza kumsema. Nilisema mengi, na sauti yangu ilipita ukuta, maana jirani alizima redio ili asikie vizuri. Mama alingoja nimalize. Mama yangu ni mtu wa kukatiza watu, lakini siku hiyo hakunikatiza.

"Sijakukataza kusoma," akasema. "Nimekataza shimo. Mungu alimchukua mmoja. Huyu mwingine nitamficha, hata Mungu mwenyewe asimwone."

Mwanamke anayeamka mapema kila siku kuomba, anayefunga na kukesha, alikuwa ameniambia hivyo bila kupepesa macho. Nilikwenda nikaviosha viatu bafuni, nikakaa huko hadi maji ya ndoo yakaisha.

Siku zilizofuata nilizipima zile nafasi mbili kwa haki, na mtu asiniambie nilikurupuka. Kanada ilikuwa na vifaa ambavyo hapa tutaviona kwenye picha tu. Ilikuwa na watu waliobobea, na cheti chake kingenifungulia milango ambayo cha hapa hakiwezi hata kuibishia hodi. Ningeweza kwenda, nikasoma, nikarudi. Wengi husema hivyo, na wengine hurudi kweli. Nilijitahidi kuipenda ile meza ya chuma. Kila nilipoiwaza nilijiona nimesimama kando yake na koti jeupe, nikitazama jengo la mfano likianguka, jengo lisilo na mtu ndani, kisha tunafagia na kujenga jingine. Ni kazi ya maana, inaokoa watu. Lakini akili ilikuwa ikirudi kwenye kile kipande cha udongo chini ya msingi, kati ya bega na miguu yangu, na maswali yalikuwa yakija hata nikiwa napiga mswaki. Na hayakuwa tena maswali ya ndugu yangu. Hilo lilinishtua. Hata kama angekuwa hai, ananisubiri mlangoni na utani wake, ningetaka kujua.

Kilichobaki kilikuwa ushuhuda. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kina mama, nikamwomba niruhusiwe kusimama mimi badala ya mama, niseme ni mimi niliyebadilisha nia, lawama inishukie mimi. Alinipikia chai, akanisikiliza vizuri, akakataa. Alisema mtoto hawezi kuurudisha ushuhuda wa mzazi wake. Nikisimama mimi watu watasema mama amekosa hata ujasiri wa kusema mwenyewe, na hiyo itakuwa aibu mbili. Akasema pia kwamba wao hawana haraka, wataendelea tu kuniombea safari kila Jumapili mpaka waambiwe vingine. Nilijua hiyo inamaanisha nini. Kila Jumapili mama angekaa pale akisikia watu wanaombea uongo wake.

Jumamosi moja mchana, siku chache kabla muda wa kujibu haujaisha, niliwaandikia watu wa Kanada nikawashukuru na kukataa. Mama alikuwa akipiga pasi. Nilimwambia papo hapo, nikiwa bado nimeshika simu, kwa sababu nilijua nikingoja nitajificha. Aliendelea kupiga pasi kola ile ile. Akauliza kama hilo neno bado linaweza kurudishwa. Nikamwambia haliwezi. Akachomoa pasi ukutani, akaiacha ipoe, akaenda kulala bila kula, na jua lilikuwa bado linawaka.

Asubuhi alivaa sare ya ushirika, kitambaa cheupe kichwani, akatangulia kwenye ngazi. Sikumuuliza atafanya nini, naye hakuniambia. Njiani alisalimia watu kama kawaida. Kanisani alikaa mbele na kina mama wenzake, mimi nikakaa nyuma yake tu, safu ya pili. Wakati wa shuhuda ulipofika kijana mmoja alishukuru kwa kupona malaria, mzee mmoja akashukuru kwa mjukuu. Kisha mama akainuka. Kina mama waliachia vigelegele hata kabla hajafika mbele, maana walidhani amekuja kutaja siku ya safari.

Alisema Bwana asifiwe, tukaitika amina. Alisema tena, tukaitika tena.

"Nilisimama hapa nikashukuru kwamba mtoto wangu anaenda ng'ambo," akasema. "Alikuwa hajachagua. Nilimchagulia mimi, nikalibandika jina la Mungu juu yake. Sasa amechagua mwenyewe. Anabaki hapa. Atasomea udongo, na atakuwa akiingia kwenye mashimo."

Mahali fulani nyuma mtoto alilia, akatolewa nje.

"Mnajua nilimpoteza nani na alikuwa wapi. Tangu jana nimejaribu kupata neno la kushukuru nije nalo hapa. Sikulipata. Siwezi kuwadanganya mara mbili. Leo sijaja kushukuru. Nimekuja kusema kwamba naogopa."

Akarudi kukaa. Hakuna aliyesema amina. Mwimbishaji alikuwa ameshika maiki na hakujua aanzishe wimbo gani, kwa sababu nyimbo zetu zote za baada ya ushuhuda ni za furaha. Mwenyekiti wa kina mama aliangalia sakafu. Kina mama waliokuwa pande zote mbili za mama hawakusogea, lakini pia hawakumgusa, na mgongo wake mbele yangu ulikuwa umenyooka kama wa mtu anayesubiri kuchapwa.

Niliinuka, nikapita mbele za watu, magoti na mikoba, hadi nikamfikia. Mwanamke mmoja alisogea, akanipa nafasi. Nilikaa, nikaushika mkono wa mama. Nilikuwa nimepanga kumwomba msamaha, au kumwahidi kwamba hakuna kitakachonipata, kitu ambacho hakuna injinia anayeweza kumwahidi mtu. Yote mawili niliyaacha. Nikamwambia sikioni neno lililokuwa kweli, kwamba hata mimi naogopa, kwamba kule shimoni niliogopa hadi nikashikilia mbao vidole vikauma.

Alinigeukia. Alinitazama usoni, polepole, kama anayechunguza iwapo ninamtania.

"Basi usiache," akasema. "Ogopa kila siku."